Mti Wenye Matrikule ya Baba

Juzi, mpakani Kasumbalesa, katika foleni ya malori ambayo haikuwa imesogea tangu asubuhi, dereva mmoja Mtanzania alifungua sanduku lake kutafuta shati safi, na harufu iliyotoka humo ikanifanya niache kutafuna. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi ya lori lake na karanga mkononi. Nilikuwa natoka upande wa Zambia, narudi Lubumbashi bila sababu maalumu, kama ninavyorudi kila mara, naye alikuwa amekubali kunipakia. Nikamuuliza sanduku lile ni la mti gani.

"Mkafuri," akasema. "Alilitumia marehemu bibi yangu, Lushoto. Nguo ikilala humu haiguswi na mdudu. Kwenu mti huu hamna."

"Iko," nikamwambia. "Mi niko na mumoja. Iko wa famille."

Akacheka, akavaa shati lake, akarudi kulalamikia foleni. Mimi nilibaki pale na pua yangu. Harufu ya kafuri haiingii polepole kama harufu ya chakula. Inapanda moja kwa moja nyuma ya macho. Ilipofika huko ilinikuta mtoto wa miaka kumi, miguu imepauka kwa vumbi la kiangazi, nikisoma namba kwenye miti.

Ninyi mliokulia nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya shaba hamhitaji kuelezwa habari ya namba. Tulijua matrikule, yaani namba ya kazi, ya baba kabla ya kujua siku yetu ya kuzaliwa. Hospitalini nesi hakuuliza unaitwa nani, aliuliza matrikule. Kwenye kantini, siku ya kugawa unga, tulipanga mstari tukirudia namba midomoni kama sala, kwa sababu aliyekosea tarakimu moja alirudi nyumbani na mfuko mtupu na kuonwa mjinga mtaa mzima. Baba yangu, Kabamba, alikuwa 1407. Namba hiyo ilikuwa mlangoni petu, kwenye koleo lake, kwenye baiskeli yake, na kwenye kibati cha shaba alichoning'iniza shingoni akienda kazini. Jirani yetu alipofariki, niliona sanduku lake likitolewa likiwa na namba upande wa miguu, na msalaba wake makaburini nao ulikuwa na namba. Nikaelewa, kwa akili ya mtoto, kwamba mtu wa kampuni hapotei. Jina linaweza kupotea, maana akina Kabamba ni wengi. Namba ni ya mmoja.

Kisha mambo yakalegea, mishahara ikakauka, tukahamia Kenya, si ile nchi bali mtaa wa Lubumbashi, kwenye chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma ambako cheche ziliruka hadi kwenye nguo zetu zilizoanikwa. Tulikuwa watatu: Baba, mimi, na Nkambo Ngoie, mama yake Baba, mtu wa kaskazini aliyefuata reli na mumewe akiwa kijana. Mama yangu alikuwa amepanda treni ya waliofukuzwa warudi Kasai nikiwa bado nabebwa mgongoni. Wenye umri wangu wanajua treni zile zilikuwa za nini, na mimi siwezi kuzisimulia kwa kupita tu. Nkambo ndiye aliyenilea. Aliniita Kinga, yaani baiskeli, kwa sababu alisema nisipokwenda naanguka. Alisema kweli. Shuleni nilidumu miaka michache tu. Sikuchukia kujua, nilichukia kuketi. Nilitoka asubuhi na daftari, nikaishia kwenye reli, kwenye gereji, popote penye kitu nisichokielewa.

Baba alichukua koleo lake akaenda Kambove, kuchimba kama walivyokwenda wengi. Kibati chake cha shaba alikiacha kwenye msumari karibu na mlango. Baada ya mvua kumalizika akaja mtu tusiyemjua, amekunja kofia mikononi, akasema udongo uliporomoka juu ya shimo na hakuna aliyeweza kulifungua. Matanga yakawekwa. Watu walilala uani, wakaimba, wakapika, shangazi zangu walilia mpaka sauti zikakatika. Nkambo hakulia. Alifunga kitambaa cheusi kichwani, akakaa ukutani, macho makavu kama jiwe la kusagia.

"Mama, lia," shangazi wakamwambia. "Ukilia moyo itapoa."

"Nilie wapi?" akajibu. "Machozi iko na lazima ya fasi ya kuangukia. Munionyeshe udongo yake, nitalia."

Hakuna aliyeweza kumwonyesha. Matanga yakaondolewa, watu wakarudi kwao, lakini yeye hakuvua kile kitambaa. Alianza kukonga mbele yangu. Bukari, ugali wetu, aliipakata kwenye sahani, akaimega kidogo, akaniachia. Nguo zikamzidi. Usiku nilimsikia akipumua nikahesabu pumzi zake, nikiogopa ya mwisho itakuja nikiwa nimesinzia. Shangazi mkubwa alisema mlangoni, akidhani sisikii, "Huyu atamufuata mutoto wake." Basi nikajua kazi ni yangu. Baba yuko mahali fulani. Ana namba. Nitamtafuta.

Mahali penyewe nilipafikia kwa bahati, nikifuata watoto waliokwenda kuokota kuni. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka Kenya, unavuka mto, unaacha nyumba, kisha pori la kawaida linakatika ghafla na mbele yako wanasimama watu warefu waliopangwa mistari. Hivyo ndivyo nilivyowaona: watu. Miti yetu ya porini hujipandia inavyotaka, mmoja huku mmoja kule, imepinda. Hii ilisimama kama wafanyakazi kwenye wito wa asubuhi. Kulikuwa na mikalitusi inayojichuna ngozi, mirefu hadi shingo inauma. Kulikuwa na misonobari ambayo sindano zake zimetandika chini zulia lisilo na sauti, na mingine yenye matawi ya duara kama ngazi ya mnara. Kulikuwa na mianzi minene kama paja, ikisuguana na kulia. Ilikuwa kiangazi, baridi ya Julai inayokausha midomo, pori lote nje limechomwa jeusi, lakini ndani mule hewa ilikuwa ya kijani na yenye unyevu. Nilisikia haya kuvaa kandambili, nikazivua.

Na kila mti ulikuwa na kibati. Kibati cha zinki kilichopigiliwa kwa msumari, na juu yake, maandishi: jina ambalo hakuna mtu anaitwa hivyo, kisha nchi, Australie, Brésil, Inde, Mexique, na chini kabisa, namba.

Wenzangu walifunga kuni zao wakaondoka. Mimi nilibaki nikisoma kibati baada ya kibati. Lile jina la juu nililitambua kuwa Kilatini, maana Nkambo aliimba Kilatini alichofundishwa misheni, na aliimba hasa kwenye mazishi. Kilatini kwangu kilikuwa lugha ambayo wafu hupewa majina. Nchi ilikuwa kule wafu waliko sasa. Na namba, nani asiyejua namba ni nini? Kumbe ndiko kampuni inakowaweka wale ambao miili yao haikupatikana. Kwa kila mmoja, mti. Hata leo, nikiwa nimezunguka nchi nne na kulala kwenye malori yasiyohesabika, sioni jinsi mtoto wa kambi angefikiri vingine.

Nilirudi siku baada ya siku. Namba hazikufuatana vizuri; mistari mingine ilikuwa na mapengo, visiki, vibati vilivyomezwa na ganda la mti mpaka nikalazimika kusoma kwa ukucha. Nilipanda na kushuka mistari ile nikinong'ona. Mia tatu na kumi. Mia tisa sitini na mbili. Siku ya sita au ya saba, upande wa chini penye kijito, nikaukuta mti mpana uliokaa peke yake, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kibati kilisema: Cinnamomum camphora. Chine. 1407.

Nilichuma jani, nikalifikicha vidoleni, na ile harufu ikanipanda nyuma ya macho. Ilikuwa harufu ya Baba. Ile dawa ya kopo aliyojipaka mgongoni jioni, akitoka kazini, akinyamaza huku Nkambo anamkanda. Niliuweka uso wangu kwenye ganda la mti, nikakaa hivyo sijui muda gani.

"Weye kale katoto! Toka pale! Ile muti iko ya tata yako?"

Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, buti za mpira hadi magotini, kofia ya kiume kichwani, na fagio la vijiti begani kama bunduki. Nilitaka kumjibu ndiyo, iko ya tata yangu, ya Baba, lakini hakungoja.

"Unatafuta nini? Kuni? Maganda ya dawa?"

"Hapana, mama. Minasoma."

"Unasoma nini?"

"Banumero."

Alishusha fagio. "Aba! Miaka yote ile niko hapa, bantu banakuya kuiba kuni, banakuya kuiba maganda, hata bibi na bwana ya bengine banakuya kujificha humu. Mwenye kukuya kusoma, njo weye wa kwanza." Kisha, kwa sauti ya mtu anayejisikia kidogo: "Kuya nikuonyeshe buku."

Hivyo ndivyo nilivyomfahamu Mama Marceline. Hakuwa mtu mpole. Aligombana na mbuzi, na wakata makaa, na upepo ulioangusha majani pale alipokwisha kufagia. Buti zake alizisifu mbele ya kila mgeni. Waliomweka pale walikuwa wamemsahau zamani, barua hazikuja tena, mkubwa wake alikuwa ameondoka na ufunguo wa ofisi, lakini yeye alifika kila asubuhi na fagio lake kama vile kengele ingali inapigwa. Kibandani mwake, ndani ya sanduku la bati, akiwa amelifunga kwa mfuko wa unga lisiingie maji, alikuwa na daftari moja kubwa la kurasa za manjano. Humo ilikuwamo miti yote.

Alinisomea kidole kikifuata mstari. Wazungu, alisema, walikuwa wakikata pori letu kulisha tanuru za shaba na kushikilia mapaa ya mashimo, na pori letu hukua polepole, halikuweza kuwafuata. Wakaandika barua pande zote za dunia kuomba mbegu za miti yenye haraka. Mbegu zikaja ndani ya bahasha, ndani ya makopo, nyingine zimeoza njiani. Kila taifa likapewa mistari yake, ili waone nani atapenda udongo huu mwekundu na nani atashindwa. Waliopenda wakazidishwa. "Kalitusi zote zenye unaona toka hapa mupaka Likasi," akasema, akipiga daftari kwa kiganja, "bankambo yabo beko humu ndani. Humu!"

Maandishi ya katikati yalikuwa ya wino, ya Kifaransa: namba, jina, nchi, urefu. Lakini pembeni, kwenye nafasi nyeupe, kulikuwa na penseli, Kiswahili, herufi ndogo zilizosongamana. Hayo yalikuwa ya baba yake, Mwamba, aliyebeba maji ya kwanza kutoka kijitoni akiwa kijana. Hakuna aliyemwagiza. Aliona wenye wino wameandika kila kitu isipokuwa nani aliyenywesha, akaongeza mwenyewe. Maji: Mwamba na Kilufya, asubuhi na jioni. Huyu hataki udongo, tumempanda mara ya pili. Huyu alikufa leo. Kilufya alihuzunika. Nimeona vitabu vingi tangu hapo, kwenye masoko ya miji mingi, na sijaona ukurasa niliouheshimu zaidi ya pembe zile.

Nilimwuliza, kama mtu asiyejali, "Na 1407?"

"Ah, ule mukaidi!" Alifunua kurasa. "Balikuwa kumi na mbili, banatoka Chine. Kumi na mumoja balikufa mwaka ya kwanza. Baridi. Huyu tu alibakia. Tata alimubebea maji miaka tatu peke yake."

Mnaona alivyosema. Walikuja kutoka mbali, wengi wakafa, mmoja akabaki, alibebewa maji. Alisema "mukaidi" na "muvivu" na "ule anapenda kulia upepo ikikuya." Kila alichonieleza kingenifungua macho kama angekisema vingine, lakini alivyokisema yeye kilinifunga zaidi. Nikarudi nyumbani nina hakika kama ya sakramenti, nikangojea siku.

Siku niliyoingojea ni ile ya wazazi, mwanzoni mwa Agosti. Kwetu asubuhi ya siku hiyo ni ya wazazi waliokufa na mchana ni wa walio hai. Alfajiri mtaa wote hubeba majembe na reki kwenda makaburini, watoto wanapalilia, wanapaka chokaa, wanarudi saa sita na vumbi kichwani kula kuku na wale waliobaki. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimebeba maji ya wengine. Mwaka huu, jirani yetu Sifa, msichana wa rika langu mwenye mdomo mkali, alipita na jembe lake akanikuta mlangoni.

"Kinga, na weye unaenda kulimia nani?"

"Tata yangu."

"Wapi? Ku Kambove ndani ya shimo?"

Wenzake wakacheka. Sikumpiga, jambo la ajabu. Niliingia ndani.

"Nkambo, vaa viatu. Baba nilishamupata."

Aligeuza uso kutoka ukutani polepole. "Kinga. Usicheze na ile jina."

"Sichezi. Iko na numero yake. 1407. Niliisoma na macho yangu, Nkambo. Iko fasi ya baridi, karibu na maji."

Alivuta viatu vyake, akavivaa. Kisha akainuka, akishika ukuta. Alichukua kile kibati cha shaba kwenye msumari, akachukua chupa ya munkoyo, kile kinywaji cha mizizi ambacho Baba alikipenda kikianza kuchachuka, na jembe dogo. Tukatoka. Alipumzika mara tatu, ya tatu kwenye daraja, akikohoa vumbi, na nikaona vifundo vya miguu yake vilivyokuwa vyembamba, nikafikiri: nikimkosa sasa nitakuwa nimemuua.

Chini ya miti alivua viatu bila kuambiwa. Nilimwongoza hadi kwa ule mti mpana. Nkambo hakujua kusoma, lakini namba ile aliijua kama unavyojua uso. Aliweka kile kibati cha shaba kando ya kile cha zinki, akapitisha kidole juu ya kimoja, kisha juu ya kingine. Moja. Nne. Sifuri. Saba. Akapiga magoti. Akaweka viganja vyote viwili juu ya ardhi, na kifuani mwake kukaanza sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya chini, kama mlango mzito unaoanza kusukumwa.

"Mama? Unafanya nini pale?"

Mama Marceline alikuwa amesimama nyuma yetu, na fagio lake.

"Minasalimia mutoto wangu," akasema Nkambo bila kugeuka.

Mama Marceline aliangalia vibati viwili, akaniangalia mimi, na nikaona jinsi alivyoelewa, kidogo kidogo, uso ukibadilika. Alivua kofia. Angeweza kunyamaza. Nimefikiri jambo hilo mara nyingi barabarani. Ingekuwa rahisi, mama mzee angelia, sisi tungerudi nyumbani, na mti usingesema kitu. Lakini alikuwa binti wa yule aliyeandika pembeni.

"Mama, unisamehe," akasema, akichuchumaa karibu naye. "Pale chini hakuna muntu. Iko mizizi tu. Ile numero iko ya muti. Muti alitoka Chine."

Ile sauti ikakatika. Majani yaliendelea kunong'ona juu yetu, hayana habari.

"Haiko 1407?"

"Iko 1407, mama. Lakini iko ya muti."

Nilitamani ardhi inimeze kama ilivyommeza Baba. Sikuthubutu kumtazama Nkambo. Nilingoja anipige, au aanguke. Alikaa vilevile, viganja chini. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza habari za mgeni:

"Huyu muti, alikuya na nani?"

"Na benzake kumi na mumoja. Balikufa. Alibakia peke yake."

"Na mama yake?"

Mama Marceline aling'oa gugu moja penye mizizi. "Mama yake... alibakia kule Chine."

"Anajua kama mutoto wake iko huku?"

"Hapana, mama. Nafikiri hajui."

Nkambo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na jirani. "Basi iko mama mwenzangu," akasema. "Naye hajui mutoto wake iko fasi gani." Alijifuta mikono, akainuka. "Kinga, lete fagio ya ule mama. Minamufagilia wake. Labda kule Kambove kuko mama mumoja anafagilia wangu."

Na pale, akiwa ameinama, akikusanya majani ya mti wa Kichina kwa fagio la mtu mwingine, akalia. Alilia kwa sauti, kwa Kiluba, akitaja majina yote ya Baba, ya nyumbani na ya ubatizo, na lile alilomwita akiwa mtoto mchanga ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Alilia akifagia, akafagia akilia. Mama Marceline alipalilia upande wa pili. Mimi nilichota maji kijitoni kwa ndoo yenye tundu, nikimwaga nusu njiani.

Tulipokuwa katikati ya kazi Nkambo alisimama, akapumua, akasema, "Ule mutoto ananiambia uko na buku. Andika kama nilikuya."

"Nitaandika," akasema Mama Marceline. "Lakini tumalize kwanza. Tata alinifundisha: buku haiandike kazi yenye haiyafanyika bado."

Tukamaliza. Nkambo akamimina munkoyo kidogo penye mizizi, mengine tukanywa sisi watatu kutoka chupa moja. Daftari likaletwa, na penseli fupi kama kidole gumba, na pembeni mwa mstari ule, chini ya maandishi ya marehemu Mwamba, Mama Marceline akaandika, akitoa ulimi kidogo: 1407. Alifagiliwa siku ya wazazi. Mwenye kufagia: Ngoie, mama wa Kabamba, naye 1407.

Nkambo aliomba asomewe mara tatu. Mara ya tatu alifungua kile kitambaa cheusi, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa sketi yake.

Kwenye daraja, tukirudi, alinishika sikio.

"Weye ulisoma mubaya."

"Ndiyo, Nkambo."

"Mubaya sana."

"Ndiyo, Nkambo."

Akaliachia. "Lakini ulitembea muzuri." Jioni ile alikula bukari na sombe ya majani ya muhogo, akaomba nyongeza, na mimi nililala bila kuhesabu.

Aliishi miaka mingi baadaye, na kaburi lake nalijua. Nilipomzika niliondoka, na sijakaa tena mahali pamoja zaidi ya misimu miwili. Nimebeba magunia, nimepika kwenye migahawa ya madereva, nimekuwa nikiuliza maswali kila kona. Popote ninapoona mti uliosimama tofauti na wenzake, nauliza ulitoka wapi na ulikuja na nani. Watu huniona mwendawazimu kidogo. Lakini wengi wanalo jibu.

Foleni ilisogea siku ya pili. Yule dereva alinishusha Lubumbashi, na badala ya kwenda Kenya nilivuka mto.

Sitadanganya. Upande wa barabara mikalitusi imekwisha, kuna kuta za matofali na milango ya chuma. Vibati vya zinki vimeng'olewa vyote, vimekwenda kuziba masufuria. Lakini ndani, kuelekea kijitoni, mistari ingali imesimama, na kwenye kila shina, kwa chokaa, kuna namba. Mama Marceline aliziandika mwenyewe, zote, kutoka kwenye daftari. Nilimkuta kibandani, mdogo sana ndani ya buti zake, macho yana ukungu.

"Mama Marceline, mimi Kinga. Wa 1407."

"Namba ninajua," akasema. "Sura inanipita."

Nikaomba daftari. Akanionyesha sanduku kwa kidevu. Nilifunua kurasa nikitafuta mstari wetu, na kabla ya kuufikia nikaanza kuona nyingine. Pembeni mwa 310, penseli: Mwenye kufagia, watoto wa fulani aliyebaki mtoni, naye 310. Pembeni mwa 962: mke wa fulani, hakuonekana tena tangu vita. Ukurasa baada ya ukurasa, mikono mbalimbali, mingine ya watu waliojifunza kuandika ukubwani.

"Ni nani aliwaambia?" nikauliza.

"Nkambo yako. Aliwaleta wa kwanza mwenyewe, ku siku ya bazazi, na mafagio yabo. Halafu bale wakaleta bengine." Akapiga chafya. "Sasa banakuya hata benye tata yabo hakukuwa na numero. Banachagua muti tu. Minawagombeza. Halafu minaandika."

Nilikaa chini. Chini ya mstari wa Nkambo palikuwa na nafasi nyeupe, ndogo, inayotosha jina moja. Nikamwambia anipe penseli niandike langu.

Mama Marceline alinyoosha buti lake moja, akalisukuma fagio hadi miguuni pangu.